Mitofaa ya saida: yanayosemwa na yalivyo

Saida ni kileo cha maji ya matofaa yaliyochachushwa. Kusini magharibi na magharibi mwa Uingereza, kuanzia Somerset hadi Herefordshire, bado kuna mashamba ya zamani ya mitofaa yake: miti mirefu iliyopandwa kwa nafasi, kondoo wakila majani chini. Wenye mashamba, wanasayansi na watu wa kujitolea wanayachunguza pamoja ili yasipotee, na njiani wanakutana na maneno haya kila mara.

"Ni matofaa yaliyokataliwa sokoni." Hapana, ni aina za peke yake. Kituo cha utafiti cha Long Ashton karibu na Bristol, kilichoanzishwa 1903, kiliyagawa makundi manne kwa kipimo cha asidi na tanini, ile inayoleta uchungu na ukakasi. Tanini ikizidi asilimia 0.2, tofaa linahesabiwa chungu. Uma tofaa la aina ya Dabinett uone: utamu kwanza, kisha ukakasi wa bibo, ulimi unakauka.

"Tuhifadhi mbegu." Mbegu ya tofaa la Kingston Black haizai Kingston Black, inazaa mti mwingine kabisa. Aina huendelea kwa kubebesha tu, yaani kuunga kikonyo (kitawi cha mti unaoutaka) kwenye shina la mti mwingine, na vikonyo hukatwa msimu wa baridi, mti ukiwa umelala. Mti wa mwisho ukianguka kabla hujakata, basi.

"Jina analijua mwenye shamba, DNA ya nini?" Hapa ndipo penye kazi. Foxwhelp ni jina moja lililobebwa na matofaa kadhaa tofauti, na tofaa moja huweza kuitwa hivi kijiji hiki na vile kijiji cha jirani. Lakini maabara nayo haina muujiza. DNA inakuambia kwamba mti huu na ule ni kitu kimoja; jina unalipata ukiwa na mti wa kulinganishia, kama ile mikusanyo ya miti ya matunda ya Brogdale, Kent. Kwa hiyo kila mti upewe namba na mahali pake paandikwe, majani ya kila mti yawe na bahasha yake, na simulizi ya mzee anayekumbuka nani aliupanda iandikwe ukurasa huohuo. Bahasha mbili zikichanganyika, ni afadhali msingetoka nyumbani.

"Mti wenye pango umekufa, ukatwe." Mtofaa hutoboka ndani ukiwa bado unazaa vizuri. Humo kwenye unga wa mbao iliyooza huishi mabuu ya *Gnorimus nobilis*, mbawakawa wa kijani anayeng'aa, ambaye ni nadra sana Uingereza. Mpekuzi huchota unga kwa mkono, akautandaza kiganjani na kutafuta kinyesi chake. Akishamaliza anaurudisha pangoni. Wengi husahau hilo.

"Shamba dogo halihesabiki." Linahesabika. Kwa kipimo kinachotumika England, miti mitano inatosha, mradi pengo kati ya matawi ya mti na mti lisifike mita 20. Mashamba ya namna hii yaliingizwa kwenye orodha ya makazi ya viumbe yenye kipaumbele mwaka 2007, na sehemu ya ramani yake imehakikiwa na watu wa kujitolea waliotembea kwa miguu.

"Si mali ya wote? Ingia tu ukate." Bisha hodi kwanza. Halafu safisha mkasi kwa spiriti kila unapohama mti, kwa sababu bakteria wa *Erwinia amylovora*, wanaokausha machipukizi kana kwamba yameungua moto, husafiri na ubapa wa mkasi. Na majibu ya maabara yakitoka, wa kwanza kuyapata awe mwenye mti.