Mashine pepe hujuaje kwamba seva iliyoibeba imebanwa?

Unapokodi mashine pepe, unakabidhiwa kitu kinachojiona kompyuta kamili, chenye prosesa zake, memori yake na diski yake. Kumbe kiko ndani ya seva moja kubwa pamoja na mashine pepe nyingine, na programu iitwayo haipavaiza ndiyo inayozigawia zote kilichopo. Mpango huu una faida kubwa: unaweka Linux au Windows ya kawaida na kazi inaendelea. Shida huanza seva mwenyeji inapobanwa. Memori inakaribia kujaa, prosesa zinagombewa, au mafundi wanataka kuizima. Mashine pepe isipoambiwa, itaendelea kana kwamba mambo ni shwari.

Taarifa za rasilimali kutoka kwa mwenyeji ni njia zilizowekwa makusudi ili mashine pepe ijue hali hiyo na ijipange.

Umuhimu wake unaonekana zaidi kwenye memori. Seva ikielemewa, haipavaiza inaweza kuchukua kurasa za memori (vipande vidogo ambavyo memori hugawiwa) za mashine pepe na kuzihamishia diskini. Lakini haijui kwa uhakika kilichomo. Inaweza kuhamisha data ambayo hifadhidata itaihitaji sekunde inayofuata, ikaacha mabaki ya faili lililofunguliwa jana. Na kuna baya zaidi: mfumo endeshi wa ndani nao unaweza kuamua kuhamishia diskini ukurasa ule ule ambao mwenyeji ameshauhamisha. Hapo ukurasa unasomwa kutoka diskini ili tu uandikwe tena diskini.

Mwaka 2002 Carl Waldspurger wa VMware, kampuni inayotengeneza haipavaiza, alieleza mbinu ya puto, ambayo leo ipo pia kwenye haipavaiza nyingine kama KVM na Xen. Ndani ya mashine pepe huwekwa draiva, yaani programu ndogo ya mfumo inayowasiliana na mwenyeji. Mwenyeji akihitaji memori, huiagiza draiva hiyo ijaze puto, yaani iombe memori kwa mfumo endeshi wake kama programu nyingine yoyote. Mfumo endeshi ndio unaojua kipi cha maana na kipi si cha maana, hivyo huanza kuachia vile visivyo na kazi. Draiva haitumii kurasa ilizopewa. Humtajia mwenyeji kurasa hizo, naye huzipeleka penye uhitaji. Hali ikitulia, puto hupunguzwa. Naipenda mbinu hii kwa sababu uamuzi unabaki kwa anayejua.

Kwa upande wa prosesa, taarifa ni nyepesi zaidi. Kwenye Linux andika amri ya top, kisha tazama mwisho wa mstari wa prosesa, penye herufi st. Hiyo ni asilimia ya muda ambao mashine pepe ilikuwa na kazi tayari, lakini mwenyeji akaipa prosesa mashine nyingine. Ikikaa juu kwa muda mrefu, usipoteze usiku kucha ukikagua msimbo wako. Wasiliana na anayekukodisha, au hama.

Kisha kuna notisi ya kuondolewa kabisa. Amazon hukodisha kwa bei ya chini mashine pepe ziitwazo Spot, kwa sharti kwamba inaweza kuzitwaa wakati wowote. Tangu mwaka 2015 hutoa notisi dakika 2 kabla. Kwa Google, mashine za aina hiyo hupewa sekunde 30 tu. Ndani ya mashine ya Amazon, notisi husomwa kwenye anwani 169.254.169.254, ambayo haipiti intaneti. Siku ya kawaida ukiuliza hapo njia inayoishia na spot/instance-action unajibiwa 404, yaani hakuna kitu. Siku ukijibiwa terminate (itaondolewa) pamoja na saa, muda umeshaanza kuhesabika.

Mwenyeji hasemi yote, na hilo ni sahihi. Mashine pepe ikijua kwa undani shughuli za jirani yake, hapo usiri wa mteja mwingine umevuja. Kwa hiyo kila mashine huambiwa yanayoihusu yenyewe tu.

Ila notisi isiyosomwa haiokoi kitu. Amazon inashauri ikaguliwe kila sekunde 5, na programu inayoikagua lazima uiweke wewe mwenyewe. Ikipata notisi, iitoe mashine kwenye orodha ya zinazopokea wateja, imalizie maombi yaliyoanza, kisha inakili nje ya mashine mafaili ambayo hayana nakala kwingine. Anza na mafaili hayo kama ni makubwa, maana dakika 2 hazitoshi kunakili kila kitu.