Gini ni sifuri, kwa hiyo haki imetendeka?

Gini hapa si nchi, ni kipimo cha namna kitu kinavyogawanywa kati ya watu. Hizi ni dhana nne potofu kuhusu kupima usawa wa huduma za afya.

Dhana: Wastani ukipanda, kila mtu amefaidika.
Chukua mikoa miwili yenye watu sawa kwa idadi: mmoja una wauguzi 50 kwa kila watu 10,000, mwingine 10. Wastani ni 30, kiwango ambacho hakipo popote. Waongezee wale wa kwanza wauguzi 20. Wastani unafika 40, taarifa inapendeza, na wenye 10 wamebaki na 10 yao.

Dhana: Kipimo cha Gini kinaonyesha maskini wamenyimwa kiasi gani.
Hakionyeshi, na hapa hujikwaa hata waandishi wa ripoti nene. Mtakwimu Corrado Gini alikitoa mwaka 1912, na husomwa kwenye mchoro wa mchumi Max Lorenz wa 1905, uliobuniwa kupima mlimbikizo wa mali. 0 maana yake kila mtu ana fungu sawa. 1, mmoja kabeba vyote. Aliyebeba ni nani? Kipimo hakiulizi. Badilishana madaktari wa mtaa wa matajiri na wale wa mtaa wa maskini wenye wakazi idadi ileile, Gini haitatikisika.

Kwa sababu hiyo wachumi wa afya hutumia fahirisi ya mrundikano. Hii huwapanga watu kwanza, kuanzia fukara hadi tajiri, ndipo huhesabu huduma. Huenda kutoka -1 hadi +1: ikiwa hasi, huduma zimeegemea kwa maskini, ikiwa chanya, kwa wenye nacho. Nayo usiiamini kichwakichwa. Sifuri yaweza kutokea pale maskini na matajiri wanapopata tele huku wa katikati wakibanwa, kwa hiyo mimi huangalia mchoro wa fahirisi hiyo kabla ya namba yake.

Dhana: Pengo ama limepungua ama limeongezeka.
Tuseme chanjo iliwafikia asilimia 10 ya maskini na 20 ya matajiri, kisha ikapanda hadi 60 na 90. Uwiano umeshuka kutoka 2 hadi 1.5. Tofauti imepanda kutoka pointi 10 hadi 30. Sasa hesabu *wasiochanjwa*: mwanzo 90 kwa 80, uwiano wa 1.1 hivi, mwisho 40 kwa 10, yaani 4! Takwimu ni zilezile. Anayetaka sifa atachagua hesabu ya kwanza, na mpinzani wake ya mwisho; mtu mkweli huzitoa zote.

Dhana: Mgawanyo sawa ndio mgawanyo wa haki.
Ugonjwa haugawanyiki sawa. Mwaka 1971 Julian Tudor Hart, daktari aliyefanya kazi Wales, aliandika kwamba huduma nzuri huelekea kupungua pale zinapohitajika zaidi. Basi gawanya madaktari kwa idadi ya wagonjwa badala ya idadi ya wakazi, uone ile sifuri ya Gini itabaki wapi.