"Mambo ya Jeshi hayaulizwi": dhana potofu za Bagamoyo kuhusu Bunge, Jeshi na ardhi

Ukitoka Bunju kuja Bagamoyo mjini, barabara ni ile ile kwa madalali wa viwanja na kwa magari ya Jeshi. Mapinga pana kituo kikubwa cha mafunzo ya kijeshi kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 2018. Mwaka 2024 wanajeshi wa Tanzania, China na Msumbiji walikitumia kwenye mazoezi yao ya pamoja. Ukiipita Bagamoyo na kuikamata barabara ya Msata, utaikuta Kihangaiko, ambako vijana wanaoandikishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) hufundishwa. Huku na kule ni mihogo, mikorosho, mananasi ya Kiwangwa, na viwanja vya mita ishirini kwa ishirini vinavyouzwa kwa bei ambayo miaka ya nyuma ungenunulia shamba zima.

Ardhi ikipanda bei, maneno nayo hupanda. Barazani utasikia kila aina ya sheria ambayo haikutungwa na mtu yeyote. Nimezikusanya zile zinazorudiwa zaidi.

"Mambo ya Jeshi hayaulizwi, hata bungeni"

Hii ndiyo mama yao. Anayeisema huinamisha sauti kidogo, kana kwamba ukuta una masikio.

Katiba ya 1977 haisemi hivyo. Ibara ya 63(2) inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali ya Jamhuri ya Muungano "na vyombo vyake vyote". Haikuongeza "isipokuwa vile vyenye bunduki". Bunge lina Kamati ya Nje, Ulinzi na Usalama, ambayo kazi yake ni kuifuatilia wizara hiyo. Kila mwaka, kwenye mkutano wa bajeti unaoanza Aprili pale Dodoma, Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa husoma hotuba yake mbele ya ukumbi na kuomba fedha kwa mafungu matatu: Fungu 38 la Ngome, yaani JWTZ lenyewe, Fungu 39 la JKT na Fungu 57 la Wizara yenyewe. Kamati inatoa maoni yake, wabunge wanachangia, kisha Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia fungu moja baada ya jingine.

Hapo ndipo unaposikia mbunge "ameshika shilingi" ya waziri. Wengi hudhani ni utani. Kwa kweli ni hoja rasmi ya kupunguza mshahara wa waziri ili abanwe kutoa maelezo, na Waziri wa Ulinzi hana kinga nayo. Wanaosema wizara hii haiguswi wangesoma Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, za miaka ya karibuni: migogoro ya mipaka kati ya kambi na vijiji, fidia zisizolipwa, nyumba za askari zilizochakaa, wastaafu wanaosubiri mafao, yote yameulizwa, tena mara nyingi. Swali la msingi likishajibiwa, yanafuata ya nyongeza. Na kwa ibara ya 100, mbunge hashtakiwi kwa alichokisema ukumbini.

Kisichojadiliwa hadharani ni kitu kingine: aina na idadi ya silaha, mipango ya vita, taarifa za kiintelijensia. Hayo yana faragha yake, na sioni mtu mwenye akili timamu anayetaka yatangazwe redioni. Shida yangu ni pale neno "siri" linapotandikwa juu ya kila kitu mpaka linafunika na bikoni, yaani alama za mpaka, za shamba la mihogo.

"Wakiuliza nao, Bunge halina meno kwa Jeshi"

Desemba 2013 inatosha kulijibu hili. Mwaka ule Serikali iliendesha Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili, na JWTZ lilishiriki pamoja na polisi na askari wa wanyamapori. Malalamiko ya wananchi kupigwa, kunyang'anywa mifugo na hata kuuawa yakafika bungeni. Kamati ya Ardhi, Maliasili na Mazingira ikachunguza, na tarehe 20 Desemba taarifa yake ikasomwa Dodoma. Siku hiyo hiyo mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao: Khamis Kagasheki wa Maliasili na Utalii alijiuzulu, na uteuzi wa wengine watatu ukatenguliwa. Mmoja wa hao watatu alikuwa Shamsi Vuai Nahodha, Waziri wa Ulinzi. Hakuna aliyesema Nahodha alimpiga mtu kwa mkono wake. Aliwajibika kisiasa kwa yaliyotokea chini ya dhamana yake, na ndivyo mfumo unavyotakiwa kufanya kazi.

Ila nisipambe. Katika Bunge la 9, maswali kuhusu Meremeta, kampuni ya dhahabu iliyohusishwa na Jeshi, yaliishia kwa Waziri Mkuu Mizengo Pinda kusema kwamba ni suala la usalama wa taifa na hawezi kulieleza hadharani. Kampuni ya dhahabu! Tena Bunge letu lina kamba shingoni: likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja. Mbunge anayekumbuka gharama za kampeni zake anafikiri mara mbili kabla ya kukaza shilingi aliyoishika. Meno yapo, basi. Kuyatumia ni uamuzi wa mwenye mdomo.

"Amiri Jeshi Mkuu akitangaza vita, wabunge ni watazamaji"

Rais anaweza kutangaza hali ya vita, ndiyo. Lakini ibara ya 44 inamtaka apeleke nakala ya tangazo kwa Spika, na Bunge liitishwe katika muda usiozidi siku 14 kulitafakari na kuamua kama linaunga mkono au la. Hilo halina mengi zaidi.

"Jeshi likiitaka ardhi yako, linapiga bikoni tu, basi"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia.

Kwanza, Jeshi lenyewe halina mamlaka ya kutwaa ardhi ya mtu. Ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwenye uwezo wa kuitwaa kwa manufaa ya umma, ulinzi ukiwemo, ni Rais, kupitia wizara inayohusika na ardhi. Kamanda wa kikosi anaweza kulitaka eneo, akaliombea, akalieleza umuhimu wake. Hawezi kulitwaa kwa amri ya gwaride.

Pili, inategemea ardhi ni ya aina gani. Kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inadai notisi kwenye Gazeti la Serikali na taarifa kwa halmashauri ya kijiji, na siku zisizopungua 90 za kusikiliza wenye hoja. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kuyazingatia mapendekezo ya kijiji. Kwa eneo la mji, Dunda au Magomeni ya huku Bagamoyo kwa mfano, mkutano mkuu wa kijiji haupo. Kinachotumika ni Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, ambayo nayo ina notisi na fidia zake.

Mara ngapi watu hawaendi kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwa sababu "ni maneno ya siasa tu"? Halafu muhtasari unaandikwa, unapigwa muhuri, na jina lako limo kwenye orodha ya waliohudhuria. Muhtasari ule una nguvu kuliko kelele zote zitakazopigwa baadaye.

Tatu ni fidia. Ibara ya 24 ya Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka iwe kamili, ya haki na ya haraka. Bado kuna wanaoamini kwamba ukilipwa minazi na kibanda umemalizana, kwa sababu "ardhi ni ya Serikali". Hiyo ni sheria ya zamani iliyokwishaondoka. Siku hizi ardhi yenyewe ina thamani na inathaminiwa kwa bei ya soko. Juu yake kuna posho ya usumbufu, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, hasara ya faida kwa mwenye biashara, na usafiri wa mizigo ya tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Watu wa Zinga, Pande na Mlingotini wanaifahamu lugha hii, kwani eneo maalumu la uchumi na bandari ya Mbegani vimewafundisha. Kanuni ni zile zile, awe anayeitaka ardhi ni mwekezaji au ni Ngome.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 imeongeza jambo ambalo wengi hawalijui. Fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu aidhinishe. Ikichelewa, inadaiwa riba. Miaka miwili ikipita bila malipo, uthamini ule umekufa na lazima ufanyike upya. Kwa hiyo ukiambiwa bungeni kwamba "tathmini imekamilika na wananchi watalipwa kadiri fedha zitakavyopatikana", swali la nyongeza lenye akili ni moja: iliidhinishwa tarehe ngapi?

"Kambi imenikuta hapa, nina zaidi ya miaka 12"

Wakati mwingine ni kweli kambi imemkuta mtu. Mara nyingi ni kinyume chake, na hili hatupendi kuliongea. Kambi nyingi zilipowekwa pembezoni pa Dar es Salaam palikuwa pori. Mji ukazifuata. Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, kisha Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, maghala ya silaha yalilipuka na mabomu yakaangukia makazi ya watu. Tangu hapo nikisikia dalali anasifia kiwanja kwamba "kiko salama, kinapakana na Jeshi", najiuliza anamaanisha usalama upi. Mapinga na Kerege zinajaa kwa kasi ile ile ambayo Gongo la Mboto ilijaa.

Na ile miaka 12 inayotajwa kama aya ya msahafu ni ukomo wa kufungua kesi ya ardhi chini ya Sheria ya Ukomo ya 1971. Haimpi mtu hati. Kwa Serikali, sheria hiyo hiyo inaweka muda mrefu zaidi ya huo, kwa hiyo kulima kimya kimya ndani ya eneo lililopimwa kwa ajili ya Jeshi hakukufanyi mmiliki hata ukizeekea pale. Muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji kwenye karatasi ya mauziano nao hausogezi mpaka wa kambi. Kabla ya kulipa nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, omba kuona ramani ya upimaji, fanya upekuzi wa umiliki. Dalali akikuambia huko utapoteza muda, muda wake ndio anaouhofia.

"Kuuliza mpaka ni kosa la usalama wa taifa"

Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inalinda maeneo maalumu na taarifa za siri. Kuingia kambini bila ruhusa ni kosa, na kupiga picha vifaa vya Jeshi usithubutu. Lakini mpaka wa eneo hutambuliwa kwa upimaji na ramani, na jirani anaruhusiwa kuujua. Asipoujua ataepukaje kuuvuka? Barua ya heshima kwa ofisi ya ardhi, nakala kwa mkuu wa wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya, haijamfunga mtu.

"Jeshi halishtakiwi"

Linashtakiwa, kwa njia yake. Unaishtaki Serikali, Mwanasheria Mkuu akiunganishwa kwenye kesi, baada ya kutoa notisi ya siku 90, na kesi inakwenda Mahakama Kuu. Ni safari ndefu na wakili si bure. Wengi hukwama kwenye notisi: wanafungua kesi bila hiyo, inatupwa, kisha wanarudi nyumbani wakisema mahakama inaliogopa Jeshi.

"Mbunge akilisema Dodoma, shamba limerudi"

Halirudi. Bunge haligawi ardhi na halimwamuru mkuu wa kikosi asogeze uzio. Mbunge hana hata uwezo wa kuongeza fedha za fidia kwenye bajeti kwa hoja yake mwenyewe, kwa kuwa mapendekezo ya aina hiyo lazima yatoke Serikalini. Anachoweza ni kumfanya waziri ajibu hadharani na jibu likaingia kwenye Hansadi, likasubiri mwaka unaofuata aulizwe tena.

Ndiyo maana namna ya kumpelekea mbunge jambo inahesabika. Akija mkutanoni mkamwambia "mheshimiwa, wajeda wametuonea", atatikisa kichwa, atawapa pole na kupanda gari. Mpeni karatasi: namba ya tangazo la Serikali kama lipo, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, tarehe mthamini alipopita, fomu zilizosainiwa, idadi ya kaya ambazo hazijalipwa. Andikeni na swali lenyewe kabisa, kwa sentensi mbili, kabla ya Aprili.