Kiashiria ni nini, na bomba kavu huhesabiwaje?

Katika ploti nyingi za Kayole, mtaa wa Nairobi, utalikuta bomba moja uani, karibu na kamba za nguo. Mgao ukifika, pengine usiku wa manane, wapangaji huamshana, mitungi ya lita 20 ikapanga foleni, na kila chombo chenye mdomo kikajazwa, hata sufuria ya ugali. Siku zilizobaki bomba hukohoa hewa tu. Sasa muulize mpangaji: "Chanzo chenu kikuu cha maji ya kunywa ni kipi?" Atakujibu, wala hatakuwa amesema uongo, kwamba ni bomba, tena limo humu humu ndani ya ploti. Jibu lake huandikwa, hujumlishwa na ya wengine, na mwishowe huwa asilimia.

Asilimia kama hiyo ndiyo huitwa kiashiria: hesabu ndogo inayowekwa isimame badala ya jambo kubwa ambalo lenyewe halipimiki. Maendeleo endelevu ni jambo la aina hiyo. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland iliyaeleza mwaka 1987 kuwa ni kukidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi yao. Maelezo mazuri, ila hayana futikamba. Mwaka 2015 nchi wanachama zikapitisha malengo 17 yenye shabaha 169, kisha viashiria zaidi ya 230 vikafuata. Watu huvichanganya vitatu hivi. "Maji safi kwa wote" ni lengo. Kuwafikishia watu wote maji salama ya bei nafuu ifikapo 2030 ni shabaha. Asilimia ya watu wanaoyapata ndiyo kiashiria.

Ugumu umo katika neno "wanaoyapata". Kiashiria cha maji kinachosimamiwa na WHO na UNICEF kina ngazi zake. Ukichota kwenye chanzo kilichoboreshwa, yaani kilichojengwa kwa namna ya kuyakinga maji yasichafuliwe, kama bomba au kisima kilichofunikwa, na kwenda, kupanga foleni na kurudi visizidi dakika 30, umehesabiwa kupata huduma ya msingi. Kupanda ngazi ya juu kunataka mambo matatu zaidi: maji yawe nyumbani, yawepo unapoyahitaji, na yasiwe na uchafu wa kinyesi wala kemikali hatari. Maji ya mkokoteni, yale tunayouziwa kwa mtungi, nayo siku hizi huweza kuhesabiwa kuwa yametoka kwenye chanzo kilichoboreshwa. Mimi naona hapo takwimu zina huruma kupita kiasi.

Ndiyo maana wapimaji wazuri huongeza swali jingine: mwezi uliopita, kuna wakati mlikosa maji ya kutosha mlipoyahitaji? Ploti ile ile, bomba lile lile, lakini jibu linaishusha familia ngazi nzima.

Kwa nchi kama Kenya kuna shida nyingine, nayo ni muda. Mengi tunayoyajua kuhusu afya na maisha ya nyumbani hutoka kwenye tafiti kubwa za kaya, na kuzifanya ni gharama. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu ulifanyika 2014, kisha 2022. Katikati ni miaka minane, mtoto anazaliwa na kufika darasani bila kuhesabiwa humo. Ripoti za hiari kuhusu malengo yale 17 ambazo Kenya ilipeleka Umoja wa Mataifa mwaka 2017 na 2020 ziliandikwa ndani ya pengo hilo.

Tena kipimo chenyewe kinaweza kusogea. Septemba 2014 Kenya ilibadilisha mwaka wa msingi wa kukokotoa pato la taifa, yaani mwaka unaotumika kulinganishia miaka mingine, uchumi ukaonekana mkubwa zaidi kwa karibu robo, na nchi ikaingia kundi la kipato cha kati. Bei ya unga haikuwa na habari.

Na bado hatujaligusa neno "endelevu". Mgao unapokatika, wenye majumba Nairobi huchimba visima virefu vya mashine. Kila kisima kinachofanya kazi huwapa wapangaji maji nyumbani, saa yoyote, na yakiwa safi kiashiria cha maji kinapanda. Lakini maji ya chini ya ardhi ya jiji hili yamekuwa yakishuka kwa miongo kadhaa, na wachimbaji wanalazimika kwenda chini zaidi. Kuna kiashiria kingine chini ya lengo hilo hilo cha kulinganisha maji yanayochotwa na yale yanayojirudishia. Hicho hakipatikani kwa kubisha hodi na kuuliza watu. Kinataka mita kwenye kila pampu na mtu wa kuzisoma. Cha kwanza, angalau katika ngazi yake ya msingi, kinataka karani na tableti yake tu, basi hicho ndicho kinachotangulia kufika kwenye ripoti.