Sayansi huria: maana yake, na kwa nini neno "bure" halitoshi

Kiswahili kimebahatika kuwa na maneno mawili hapa. Kitu cha bure ni kile usichokilipia. Kitu huria ni kile ulicho na uhuru nacho: kukisoma, kukinakili, kukichambua upya, kukiunganisha na kingine, kumpa mwenzako. Sayansi huria inasimama juu ya neno la pili. Makala ya utafiti inaweza kusomwa mtandaoni bila malipo na bado isiwe huria, kwa sababu leseni yake inakataza kuitumia kwa namna nyingine yoyote. Vivyo hivyo jedwali la data: yeyote anaweza kulipakua, lakini ikiwa hakuna maelezo ya safu zake, aliyelipakua amefanya kazi bure.

Kwa hiyo sayansi huria ni utaratibu wa kufanya utafiti ili makala, data, programu za uchambuzi na maelezo ya mbinu viweze kufikiwa na kutumiwa na watu wengine, wakiwemo wale wasio wa taaluma iliyovizaa. Hayo maneno ya mwisho ndiyo ninayotaka kuyakalia, maana husahaulika mno. Watafiti wa fani moja hupeana vitu hata pasipo utaratibu wowote; wanafahamiana, wanakutana kwenye makongamano, wanaandikiana barua pepe. Mgeni wa fani nyingine hana mlango huo. Pengine hajui hata amuulize nani.

Mwaka 1986 Don Swanson, mtaalamu wa sayansi ya habari wa Chuo Kikuu cha Chicago, alichapisha matokeo ya kusoma makala za tiba, fani isiyokuwa yake. Kundi moja la makala lilihusu ugonjwa wa Raynaud, ambao hufanya mishipa ya damu ya vidole isinyae kwa baridi hadi vidole vikageuka vyeupe na kuuma. Makala hizo zilieleza kwamba baadhi ya wagonjwa wana damu nzito kuliko kawaida, na chembe zake hushikana upesi. Kundi la pili lilihusu mafuta ya samaki, nalo lilieleza kwamba mafuta hayo huifanya damu iwe nyepesi na chembe zisishikane. Makundi hayo hayakuwa yakitajana. Kila moja lilikuwa na wasomaji wake, majarida yake na maswali yake. Swanson hakumpima mgonjwa yeyote wala hakuingia maabara. Alizisoma pande zote mbili, akapendekeza kwamba mafuta ya samaki huenda yakawafaa wagonjwa wa Raynaud. Mwaka 1989 watafiti wengine walichapisha jaribio walilofanya kwa wagonjwa: wale ambao ugonjwa wao haukutokana na maradhi mengine, walipotumia mafuta hayo, walistahimili baridi kwa muda mrefu zaidi.

Swanson aliyaita haya maarifa ya hadharani ambayo bado hayajagunduliwa. Kila kipande kilikuwa kimeshachapishwa. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuviona vyote viwili. Kila jarida linalofungiwa nyuma ya ada hupunguza uwezekano wa mtu huyo kupatikana, kwa sababu mtu humudu ada, au hulipiwa na chuo chake, kwa ajili ya majarida ya fani yake. Ni nadra kulipiwa ya fani ya jirani.

Upande wa makala, jitihada rasmi zilipata jina mwaka 2002 kwa Azimio la Budapest, lililotaka makala za utafiti zisomwe na kutumiwa na yeyote kupitia intaneti. Wanafizikia walikuwa wametangulia: hifadhi ya arXiv, iliyoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991, ilikuwa tayari inapokea rasimu za makala kabla hazijapitiwa na wataalamu wenza. Novemba 2021 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo kuhusu sayansi huria, na humo dhana ikapanuliwa ihusishe pia data, programu, vifaa vya kufundishia na mazungumzo na wenye maarifa nje ya vyuo.

Ila makala ndiyo sehemu nyepesi. Data ni ngumu zaidi, kwa kuwa makala huandikwa ili isomwe na mwingine, ilhali data hukusanywa na mtu anayejua tayari inachosema.

Chukua mfano wa kumbukumbu za safari za meli. Kwa mwanahistoria, daftari la nahodha wa karne ya 18 ni ushahidi wa biashara, vita na nidhamu ya mabaharia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa Ulaya ulioitwa CLIWOC ulizichukua kumbukumbu za meli za Uingereza, Uholanzi, Ufaransa na Hispania za kati ya 1750 na 1850 ili kujua hali ya hewa ya baharini ya zama hizo. Manahodha walikuwa wakiandika upepo kila siku, kwa sababu maisha yao yaliutegemea. Data ilikuwepo basi, miaka 200 kabla ya aliyeihitaji.

Lakini haikuwa tayari kutumika. Nguvu ya upepo haikuandikwa kwa namba. Iliandikwa kwa misemo ya mabaharia, kila taifa na yake. Longitudo nazo hazikupimwa kutoka mstari mmoja: mmoja alianzia Greenwich, mwingine Paris, mwingine kisiwa cha Tenerife. Ikawabidi watafiti watengeneze kamusi ya maneno ya upepo katika lugha hizo nne, ndipo namba zikapatikana na wataalamu wa tabianchi wakaweza kuzitumia. Kwangu mimi kamusi hiyo ni kazi ya kisayansi sawa na hesabu zilizofuata. Aliyeitengeneza ndiye aliyewafungulia wengine data hiyo. Kuzipiga picha kurasa peke yake kusingetosha.

Kazi ya namna hiyo ndiyo inayozungumzwa na kanuni za FAIR, zilizochapishwa mwaka 2016. Herufi zake nne zinadai kwamba data ipatikane kwa kutafutwa, ifikike, iweze kuunganishwa na data nyingine, na iweze kutumika tena. Watu hushughulika na mbili za kwanza na kuona wamemaliza, wakati kuunganishwa na kutumika tena ndiko kunakovusha data kutoka fani moja hadi nyingine. Vinahitaji vipimo vyenye vizio vinavyotajwa, majina yenye maana moja, na leseni inayosema wazi kinachoruhusiwa. Hata programu tunazozizoea huweza kuharibu mambo. Lahajedwali, yaani programu za majedwali kama Excel, zilikuwa zikiyageuza majina ya jeni kama MARCH1 na SEPT2 kuwa tarehe za Machi na Septemba, na makosa hayo yakaingia katika orodha zilizochapishwa pamoja na makala. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba jeni hizo zimepewa majina mapya.

Uvumilivu katika kazi hii hulipa, ingawa mara nyingi humlipa mtu ambaye hakuwepo wakati inaanza. Hazina ya kimataifa ya maumbo ya protini ilianza mwaka 1971 ikiwa na maumbo saba. Wanabiolojia na wanakemia waliendelea kuweka humo matokeo yao, kwa muundo unaofanana, kwa karibu nusu karne. Kisha wataalamu wa akili mnemba wakaitumia kuifundisha programu ya AlphaFold kukisia umbo la protini kutokana na mfuatano wa vijenzi vyake. Demis Hassabis na John Jumper walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024 kwa kazi hiyo, wakigawana na David Baker. Waliopakia maumbo ya kwanza hawangeweza kuotea kwamba wanaiandalia kompyuta somo.

Data iliyo wazi husaidia pia kukagua. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala iliyoonyesha kwamba nchi zenye deni la umma linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa uchumi wao hukua kwa wastani wa asilimia -0.1, yaani husinyaa kidogo. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon aliwaomba lahajedwali yao, nao wakampa. Akakuta fomula iliyoacha nje baadhi ya nchi, pamoja na maamuzi mengine ya uchambuzi aliyoyatilia shaka. Hesabu yake na walimu wake ilitoa asilimia 2.2. Ni vyema walimpa. Ila ukaguzi wa jambo lililoshawishi sera za serikali haukupaswa kungoja mtu aombe.

Kuna jambo lazima lisemwe bila kulainishwa: kule kuunganisha data za nyanja mbalimbali, ambako ndiko faida yote, ndiko pia kunakoweza kumuumiza mtu. Katika miaka ya 1990, mtaalamu wa kompyuta Latanya Sweeney alichukua rekodi za hospitali za watumishi wa jimbo la Massachusetts, zilizokwisha kufutwa majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura. Tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta vilimtosha kutambua rekodi za gavana mwenyewe. Kufuta jina hakumfichi mtu. Ndiyo maana data za wagonjwa na mahojiano ya siri huhifadhiwa mahali ambapo mtafiti huomba ruhusa, hueleza atakachofanya, na hufungwa na masharti. Huo nao ni utaratibu wa sayansi huria, mradi masharti yajulikane na yawe sawa kwa waombaji wote.

Tena ridhaa haihami yenyewe kutoka taaluma moja kwenda nyingine. Watu wa kabila la Havasupai, waishio ndani ya Grand Canyon huko Marekani, walitoa damu kuanzia mwaka 1990 wakielewa kwamba inachunguzwa kisukari. Baadaye wakagundua kwamba imetumika pia katika utafiti wa maradhi ya akili na wa asili ya kuhama kwa watu, jambo lililogusa imani yao kuhusu mahali walikotoka. Shauri lao na Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona lilimalizika kwa maridhiano mwaka 2010, na damu iliyobaki ikarudishwa kwao. Kanuni za CARE za mwaka 2019 zinashughulikia hasa haki hiyo: jamii za wenyeji wa asili ziwe na mamlaka juu ya data zao na zinufaike nazo.

Kwa mtafiti anayetaka kuanza, hifadhi kama Zenodo, iliyozinduliwa mwaka 2013 na kuendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, hupokea data ya taaluma yoyote bila malipo na kuipa kitambulisho cha kudumu, ili anayeitumia aweze kuitaja kama anavyotaja makala. Kabla ya kupakia, mpe faili mwenzako wa idara nyingine, mtu makini asiyejua lolote kuhusu mradi wako, halafu nyamaza. Atauliza safu ya tatu ina kizio gani, nafasi tupu maana yake ni sifuri au haikupimwa, nani alihesabu, mwaka gani, na kwa nini mistari kumi iliondolewa. Andika majibu yako kwenye faili la maelezo, na ulipakie pamoja na data.