Muziki wa filamu ukifanana na mwingine, mtunzi kaiba?

Si lazima. Mara nyingi chanzo kiko kwenye chumba cha uhariri. Kabla mtunzi hajaanza kazi, mhariri hubandika muziki wa muda uliotoka kwingine, kisha hukata picha kwa kufuata mapigo yake. Filamu ikiwa na fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, kwa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni fremu 12, na mkato wa kila fremu 48 hukaa sawia. Mtunzi akishusha hadi 100, pigo huwa fremu 14.4, mikato inayumba. Mwongozaji, sikio lake lishazoea, husema “haukai”, na mtunzi huishia kuuiga muziki ule wa muda. (Ndiyo maana watunzi wengine huomba kwanza picha kavu, isiyo na muziki wa muda.)

Na kuiga hakusaidii kila mara: mwaka 1968, mwongozaji Stanley Kubrick aliuacha muziki wa mtunzi Alex North katika *2001: A Space Odyssey*, akabaki na rekodi za klasiki alizokuwa amezitumia kama muziki wa muda. North aligundua hilo filamu ilipoonyeshwa.