Deraya ya pete ni nini?

Deraya ya pete ni vazi la vita lililofumwa kwa maelfu ya pete ndogo za chuma zilizopitishwa moja ndani ya nyingine. Ufumaji uliozoeleka zaidi ni ule ambao kila pete hushika nne: mbili za safu ya juu na mbili za safu ya chini. Hakuna uzi wala ngozi inayozishikilia. Pete zenyewe ndizo kitambaa. Kwa hiyo aliyeivaa aliweza kuinama, kupanda farasi na kuinua upanga bila kuzuiwa na bamba gumu.

Isichanganywe na deraya ya magamba, ambayo vipande vya madini hushonewa juu ya nguo au ngozi. Deraya ya shaba ya Goliathi, katika 1 Samweli 17, ni ya magamba kwa matini ya Kiebrania.

Mifano ya kale zaidi inayojulikana imetoka katika makaburi ya Waselti wa Ulaya, karne ya 3 KK, na mwandishi wa Kiroma Varro alisema Wagauli, watu wa jamii hiyo ya Waselti, ndio walioibuni. Waroma waliichukua wakawavisha askari wao kwa karne nyingi. Baadaye ilivaliwa Uajemi, Uarabuni na India pia. Qurani, katika sura ya Saba, inasimulia Nabii Daudi akilainishiwa chuma na kuamrishwa atengeneze deraya, apime sawasawa katika kuunganisha. Kipimo hicho ndicho roho ya kazi.

Fundi alivuta chuma kupitia matundu ya bamba mpaka kikawa waya, akauzungusha kwenye fimbo, akakata pete moja moja. Kisha ncha za pete zilipondwa bapa, zikapandanishwa, zikatobolewa na kufungwa kwa ribiti, yaani msumari mfupi mdogo sana unaopondwa pande zote mbili. Ribiti hiyo ni muhimu sana. Pete iliyobanwa kwa koleo tu, kama nyingi tunazoziona kwenye filamu, hufunguka ikichomwa kwa nguvu. Vazi moja refu lingeweza kula pete 20,000, 30,000 au zaidi, na uzito wake kwa kawaida ulikuwa kati ya kilo 10 na 15. Si ajabu lilirithishwa na kukarabatiwa badala ya kutupwa.

Deraya ya pete huzuia ukataji. Makali ya upanga yakiteleza juu yake, nyama haipasuki. Lakini rungu likitua, pete hujikunja pamoja na mwili na mfupa unaweza kuvunjika chini ya chuma kisichopasuka. Mshale wenye ncha nyembamba nao unaweza kupasua pete. Ndiyo sababu chini yake, na pengine juu yake, wapiganaji walivaa nguo nene ya kitani kilichotabikishwa au sufu iliyoshindiliwa. Kwa maoni yangu nguo hiyo inastahili nusu ya sifa zote tunazoipa deraya.

Ushahidi mzuri ni wa mwaka 1191, katika Vita vya Msalaba, jeshi la Mfalme Richard I wa Uingereza lilipokuwa likiteremka pwani ya Palestina kuelekea Arsuf. Baha al-Din, mwandishi aliyekuwa upande wa Salahuddin, sultani wa Waislamu, aliwaona askari wa miguu wa Wafranki, yaani wale wa jeshi la Richard, wakitembea na mishale hata kumi imewachoma migongoni, wala hawavunji safu. Alieleza kwamba walivaa sufu nene pamoja na deraya.

Karne ya 14 mabamba ya chuma yalianza kuchukua nafasi yake Ulaya, ingawa pete zilibaki kwenye makwapa na kinena, mahali ambapo bamba halikunjiki. Barani Afrika deraya hiyo ilidumu zaidi: Dixon Denham, msafiri Mwingereza, alipofika Borno, karibu na Ziwa Chad, mwaka 1823, alipokewa na wapanda farasi wa sheikh aliyetawala huko, waliovaa deraya za pete.

Leo wakata nyama viwandani huvaa glavu za pete za chuma kisichoshika kutu, ili kisu kikiteleza kisifike kwenye vidole.